Kompyuta Iliyomtii Shemeji Peke Yake

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mkazi wa Hamugembe, Bukoba. Nina watoto wawili wakubwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta kando ya barabara. Wanaopita huona mama mnene aliyevaa miwani, ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, wakadhani nilizaliwa na bisibisi mkononi. Laiti wangejua ufundi huu niliujifunzia wapi na kwa bei gani!

Mama mkwe wangu alipokuwa hai sikutaka kumwaibisha, nikanyamaza. Sasa amelala migombani pamoja na wanawe. Nikiendelea kunyamaza nitapasuka, kwa hiyo acheni niseme.

Kwetu ni Buganguzi, wilaya ya Muleba. Baba yangu alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Nilisomea upigaji chapa, nikapata kazi ya kuchapa katika ofisi moja mjini Bukoba, na huko nikakutana na Deo, karani wa mizigo pale bandari ya Kemondo. Kabla ya ndoa tulipima damu wote wawili. Miaka ile hukuvaa shela Bukoba bila watu kukuuliza kama mmepima. Tulikuwa salama.

Ilikuwa miaka ya mazishi... Vita vya Amini vilipita nikiwa mtoto, na wazee walisema heri mabomu, kwa sababu bomu ulilisikia likija. Ugonjwa huu wa Ukimwi, ambao bado waliuita Juliana kama walivyouita ulipoanza, ulikuja kimya. Ukipita kwenye njia za migombani uliona nyumba zimefungwa, nyasi zimefika mlangoni, na bibi mmoja amebaki na wajukuu chungu nzima. Tulizika Jumamosi, tukazika tena Jumatatu.

Deo wangu alikuwa na ndoto moja, kompyuta. Alisema enzi ya taipureta inakwisha na mke wake hatabaki nyuma. Akawa ananunua vipande kidogo kidogo. Kasha lilikuja kwa meli kutoka Mwanza, skrini ikatoka Kampala, leo kibodi, kesho diski. Vyote aliviweka chini ya kitanda chetu ndani ya gunia la kahawa. Wa kuviunganisha alikuwepo, mdogo wake Evodius, aliyesomea ufundi wa kompyuta huko huko Kampala.

Huyo Evodius, jamani, alikuwa na maneno matamu! Mcheshi, msafi, shati limepigwa pasi hadi kola. Alikuwa amefiwa na mkewe, Consolata, mwaka uliotangulia. Hawakujaliwa mtoto. Consolata alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni yenyewe, na kila mtu alijua kilichomuua, ila kwenye mazishi ilisemwa ni kifua.

Kabla kompyuta haijaunganishwa, Deo akafa. Rundo la magunia ya kahawa lilimwangukia kule bandarini Kemondo, akaletwa nyumbani kwenye gari la mizigo. Asubuhi aliniaga akiwa anatafuna ndizi ya kuchoma... mchana naitwa mjane! Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Watu hawakosi maneno. Wakaanza kunong'ona kwamba magunia yamesingiziwa tu. Nikaenda kupima tena ili roho yangu itulie. Nilikuwa salama. Shikeni hapo, wasomaji, maana ndipo penye uchungu wote wa mkasa huu.

Nyumba yetu ya Hamugembe ilisimama kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, mama mkwe wangu, Ma Paskazia, akiishi nyumba ya jirani. Msiba ulipotulia kidogo, ukoo ukakaa. Mkubwa wao, Mzee Rwegasira, akasema kibanja ni cha mwanangu Joas, lakini Joas bado mdogo, kwa hiyo asimamiwe na baba yake mdogo. Na huyo baba mdogo hawezi kusimamia nyumba akiwa nje ya nyumba, sivyo? Mlionielewa mmenielewa. Nilitakiwa nirithiwe na Evodius, yeye aliyemzika Consolata!

Nikikataa, milango iko wazi, nirudi kwetu Buganguzi. Joas na dada yake Koku wangebaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo.

Sikuwa na jeuri ya kusema hapana mbele ya wazee, nikaomba tumalize kwanza msiba. Wakakubali. Moyoni nilikuwa na njia yangu. Kulikuwa na shirika moja lililohudumia yatima wa vijiji vyetu, na mratibu wake, mama mmoja mkali lakini mwenye utu, alitafuta mtu wa kuchapa kumbukumbu za watoto hao kwa kompyuta. Aliniambia nikiwa na mashine yangu inayofanya kazi ifikapo mwanzo wa mwezi unaofuata, kazi ni yangu na nyumba ndogo ya wafanyakazi ni yangu, mimi na watoto. Hata Mzee Rwegasira asingethubutu kuwatoa watoto mikononi mwa shirika lile, maana lilikuwa likiwasomesha wajukuu zake. Mashine isipokuwepo, mratibu angeleta mchapaji kutoka Mwanza.

Basi uzima wangu ulikuwa ndani ya lile gunia la kahawa.

Nikamwomba Evodius aviunganishe vile vipande. Nilikuwa na nani mwingine? Alikuja na bisibisi zake, akafanya kazi chumba cha mbele huku akipiga mluzi. Alipobonyeza kitufe, mashine ikavuma kama mzinga wa nyuki, herufi zikapanda, picha ikatokea! Koku akapiga makofi. Nililia kwa furaha, nikamwita Deo kwa jina...

Kesho yake nikaketi, nikavuta pumzi, nikawasha. Skrini nyeusi. Maneno meupe ya Kiingereza yakasema haioni diski ya kuwashia, niingize diski kisha nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Yale yale. Nikazima nikawasha, yale yale!

Nikamwita Evodius. Akafika, akaketi, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mashine mpya hizi zina maringo. Hebu nipatie chai basi, waitu, nimetoka mbali."

Kwetu mgeni haachwi kinywa kitupu, sembuse shemeji anayekubembeleza kwa neno waitu. Hata akija kukutukana, atatukania kwenye kikombe chako. Nikaenda jiko la nje, nikachochea kuni, nikachemsha chai, nikapasha na matoke. Niliporudi na sinia, mashine inavuma na picha iko kwenye skrini. Evodius anajipangusa mikono.

"Ilikuwa vumbi tu," akasema.

Nikafanya mazoezi ya kuchapa mpaka jioni. Akapita kuichungulia kabla hajaenda kwake, akaizima, akafungua kasha ati ipate hewa, akafunga. Asubuhi yake... skrini nyeusi, maneno meupe!

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye akija, chai, matoke, mashine inawaka. Akiondoka, inakufa. Siku nyingine alisema ni joto, siku nyingine umeme wa Bukoba unaotingishika, siku nyingine diski haijazoea nyumba. Diski haijazoea nyumba! Na mimi msomi wa taipureta nikaitikia ndiyo shemeji.

Msidhani nilikaa tu kulia. Niliazima bisibisi, nikafungua kasha mwenyewe. Nikachomoa ule utepe mpana wa kijivu unaotoka kwenye diski, nikaurudisha, nikaukandamiza hadi vidole vikauma. Nikabadilisha waya wa umeme wa diski. Nikahamisha meza hadi kwenye soketi ya ukuta mwingine. Niligundua kwamba ukishikilia kitufe fulani wakati inaanza, inakuonyesha orodha ya viungo vyake. Mahali pa diski paliandikwa hakuna. Evodius akiwepo nikitazama, diski ipo, jina lake limeandikwa!

Nilihisi naingiwa na wazimu. Diski nilikuwa nikiishika kwa mikono yangu, baridi na nzito, halafu mashine inasema haipo.

Ma Paskazia naye akawa na tafsiri yake. Alisema marehemu amekasirika kwa kuwa chombo kimeanza kunguruma nyumbani kwake kabla msiba haujaisha. Siku moja nimetoka kisimani namkuta na chupa ya maji ya baraka, ameshainyunyizia skrini na sasa anainamia matundu ya kasha! Nikaruka nikamshika mkono.

"Mama! Utaiua!"

"Imeshakufa hiyo, mwana wange. Mimi naiombea."

Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Nilikausha matundu yale kwa kanga yangu.

Nikaamua kumwita fundi mwingine wa mjini. Alifika hadi uani tu. Ma Paskazia alisimama mlangoni akamuuliza ni wa ukoo gani na anaingia chumba cha mjane kufanya nini. Kijana wa watu akageuza baiskeli yake. Jioni hiyo Mzee Rwegasira akaja na fimbo yake, akasema bila kupandisha sauti kwamba siku mwanamume mwingine atakapoingia nyumba ya Deo kabla msiba haujaisha, siku hiyo hiyo nifunge mzigo.

Sawa, fundi haingii. Basi mashine itoke! Nikaifunga kwenye blanketi, nikakodi baiskeli, nikaanza safari ya mjini nikiishikilia kwa nyuma. Hatukufika hata barabara kubwa. Mzee Rwegasira alikuwa amesimama njiani kana kwamba ameambiwa.

"Mali ya marehemu haitoki kwenye boma kabla haijagawanywa. Irudishe, waitu."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya mwenye baiskeli na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni. Akanitazama kwa upole kabisa, akarudia maneno yale yale. Nikairudisha.

Oneni basi mtego ulivyokaa, wasomaji! Mashine haitoki, fundi haingii. Na wa kuingia ni mmoja tu.

Mwezi ulikuwa unakwisha. Evodius akaanza kuchelewa kuja, mara ana kazi, mara ana mgeni. Ma Paskazia akawa ananiletea beseni la nguo chafu za Evodius, ati nimfulie shemeji yangu, mwanamume hana mtu. Hapo nilikataa kata kata. Kwetu ukianza kumfulia mwanamume shati, majirani wanahesabu umeshamaliza. Nilimrudishia beseni lake lilivyo. Kumbuka beseni hilo, msomaji... bado linanitesa.

Siku Evodius alipokuja hatimaye, hakuomba chai. Alikaa akavuka miguu.

"Shemeji Advera, mimi si mtumishi wa kuitwa kila mashine ikikohoa. Nikiwa ninalala hapa, itawaka kila asubuhi. Wewe utafanya kazi yako, watoto watakula, wazee watanyamaza. Tatizo lako nini?"

Nikamwambia tatizo langu, kwa sauti. Nikamwambia twende tukapime.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimepima Kampala, niko safi kama wewe. Consolata alikuwa na kifua. Au wewe ulikuwa daktari wake?"

Sikumwamini. Nikaenda Buganguzi kwa Tata, baba yangu, nikamweleza kila kitu. Tata alisikiliza akiwa anachambua kahawa, hakuinua macho. Akasema kibanja chake kimeshagawanywa kwa kaka zangu, nami nikirudi bila watoto nitakuja kukaa wapi, na watu watasemaje. Kisha akaniambia Evodius ni kijana mzuri, ana ufundi. Mama yangu alinisindikiza hadi njia panda, analia tu.

Nilirudi Hamugembe nikiwa nimechoka mwili na roho. Koku akanikimbilia, akaniuliza kama tutahamia kwenye nyumba ya shirika. Nikamtazama mwanangu... nikawaza, nikikataa nitawapoteza leo. Nikikubali, labda Evodius anasema kweli. Labda! Mama aliyebanwa hufa kwa neno hilo.

Nikakubali.

Wazee wakaja. Kikaletwa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, Evodius akachagua, akanipa kwa mkono wake mbele yao. Ukizipokea na kuzitafuna umekubali, hakuna karatasi inayozidi hapo. Nilizitafuna. Mpaka leo mtu akinikaribisha kahawa hizo, nageuza uso.

Alihamia na sanduku lake. Na kweli, kila asubuhi aliketi kwenye mashine kabla yangu, "ngoja niiamshe," nami niko jikoni nachemsha chai, nikirudi inavuma. Nikachukua ile kazi. Mratibu alikubali nichapie nyumbani kwa kuwa mume alinikatalia kuhama. Ile nyumba ndogo ya wafanyakazi akapewa mwingine.

Nilichapa majina ya yatima siku kutwa. Wengine niliwajua, niliwahi kuwabeba. Nilichapa jina la mtoto huku baba wa kambo wa watoto wangu, mume wangu wa kahawa, akikohoa chumbani... Ndiyo, alianza kukohoa. Akaanza kutoka jasho mpaka shuka zinalowa. Nikimtaja daktari, anasema ni mafua ya ziwani.

Siku moja aliitwa haraka Kampala kuchukua vifaa. Jasho lilikuwa limemlowesha, akabadili shati mlangoni, akalitupa kwenye kiti, akakimbilia gari. Nikaketi kufanya kazi. Skrini nyeusi, maneno meupe.

Sikushangaa hata kidogo. Nikasema basi leo nifue. Sasa nilikuwa mke, nafua bila kinyongo. Nikachukua lile shati la bluu na kama mwanamke yeyote nikapapasa mfuko kabla ya kulitia majini. Kidole kikagusa kitu.

Kilikuwa kidude kidogo cheusi cha plastiki, hakizidi punje ya mahindi, ndani kina chuma. Nilitaka kukitupa. Sijui nini kilinizuia. Nikakigeuza geuza juani, nikaona kina matundu mawili madogo sana... nami matundu ya ukubwa ule, au tuseme sindano za kuingia kwenye matundu yale, nilishaziona mahali.

Niliacha shati ndani ya maji. Nikafungua kasha, nikachomoa diski, nikaigeuza. Nyuma yake, kati ya utepe na waya wa umeme, kulikuwa na visindano vimesimama wazi. Nilikuwa nimeviona mara nyingi, nikadhani ndivyo vilivyoumbwa. Ningejuaje kinachokosekana wakati sikuwahi kukiona kikiwepo? Juu ya diski kulikuwa na kibandiko chenye mchoro wa visindano vile, na safari hii nikausoma kwa makini. Kidude kikivaliwa hapa, diski ni ya kwanza. Kisipokuwepo, diski inajihesabu ya pili.

Nikatazama na kifaa cha kusomea CD kilichoungwa kwenye utepe ule ule. Chenyewe kilikuwa na kidude chake, kimewekwa kuwa cha pili. Basi bila kile cha mfukoni, utepe mzima una wadogo wawili na mkubwa hayupo, wote wanagombea nafasi moja, na mashine haioni diski!

Nikaivalisha diski. Nikabonyeza kitufe.

Mashine ikavuma. Herufi zikapanda. Picha ikatokea, na mume hayupo, na sikupika chai!

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia mara moja, nilihesabu vikombe... kila kikombe cha chai nilichokwenda kukipika ndipo aliponivalishia diski yangu, na kila "ipate hewa" ndipo alipoivua kidude akakitia mfukoni. Heshima niliyofundishwa na mama yangu ndiyo iliyompa nafasi. Na kama ningekubali kufua lile beseni la kwanza, labda ningekikuta kidude kile mfukoni kabla ya kahawa za wazee. Nilikataa nguo zake nikidhani najilinda! Hapo ndipo nililia, nikalia kama siku ya magunia.

Evodius aliporudi, nilikuwa nimeivua diski kile kidude kama alivyoiacha. Nikampokea, nikamwambia mashine imekufa tena, mume wangu. Akasema nimletee chai. Nikatoka, lakini sikwenda jikoni. Nilisimama nje ya dirisha.

Alifungua kasha. Akatia mkono mfuko wa shati, akautoa. Mfuko wa suruali. Mfuko wa koti. Akamwaga begi lake lote mezani. Jasho likaanza kumtoka. Akapiga magoti akatafuta chini ya kiti, mtu mzima, msafi, aliyepigwa pasi, akisugua sakafu kwa viganja.

"Advera!" akaita. "Lile shati langu la bluu liko wapi?"

"Nimelifua," nikamjibu dirishani.

Akaniona. Nikaingia, nikatoa kidude kwenye pindo la kanga, nikaivalisha diski mbele ya macho yake, nikabonyeza. Mashine ikawaka. Herufi zikapanda, picha ikatokea.

Nilitegemea akatae, au anipige. Alikaa kwenye sakafu ile ile akaegemea ukuta.

"Sikupima Kampala," akasema. "Sikuhitaji. Nilikuwa najua."

"Kwa nini mimi, Evodius? Nilikukosea nini?"

"Consolata alikuwa na mimi. Nilimlisha, nilimwogesha, alifia mikononi mwangu. Mimi ningekuwa na nani?"

Wasomaji, sijawahi kusikia jibu baya kama hilo, na sijawahi kusikia la kweli kama hilo!

Nilikimbilia kwa Ma Paskazia. Alinisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Akasema, "Maawe!... Ya mashine sikuyajua, mwana wange, Mungu ni shahidi. Ya kuumwa nilijua." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema yeye ni mama, alitaka mwanawe apate wa kumpikia uji. Nilipeleka shauri kwa ukoo. Mzee Rwegasira akakishika kile kidude kwenye kiganja, akakipitisha kwa wenzake, wakacheka kidogo. Akaniuliza kama nataka kuvunja ndoa kwa sababu ya kitu kisichoonekana bila miwani. Kahawa nilizitafuna mwenyewe, akasema.

Nikaenda kupima. Majibu mnayajua.

Nilimuuguza Evodius mpaka mwisho. Msiniulize kwa nini. Watoto walikuwa ndani ya nyumba ile, nami nilikuwa na ugonjwa wake, ningekwenda wapi? Nilimwogesha, nilimnywesha uji. Kabla hajakata kauli kabisa aliomba nimsamehe, nikamwambia alale. Sikusema ndiyo na sikusema hapana.

Baada ya mazishi ukoo ukakaa tena kutafuta wa kunisimamia. Safari hii niliinuka mwenyewe. Nikasema majibu yangu mbele ya wote, neno kwa neno, nikauliza nani anataka kuniletea kahawa. Wakainamisha vichwa. Ndivyo nilivyoachiwa nyumba yangu, wanangu na kompyuta yangu, kwa sababu hakuna aliyenitaka tena. Uhuru wenyewe ndio huo!

Nilibaki na kazi ya shirika mpaka ilipokwisha. Nilikonda, nikachungulia kaburi, kisha dawa zikafika Kagera nikiwa bado napumua. Nazimeza mpaka leo. Joas na Koku ni wazima, wana nyumba zao. Mashine ya Deo imeshakuwa chakavu, iko kwenye rafu ya kibanda changu, na kile kidude kimevaliwa mahali pake. Sijakivua tangu hapo.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu, nawasihi kwa machozi. Ndugu akikuambia amepima, mwombe mwende wote mkapime tena, hata kama amekasirika, hata kama wazee wamekaa na kikapu. Na kile kinachokupa mkate, kiwe kompyuta, cherehani au duka, jifunze kukifungua mwenyewe. Usimwachie mtu mmoja ufunguo wake halafu ukamshukuru kila anapokufungulia.

Wanawake huniletea mashine zao hapa kibandani. Wengi, kwa adabu yetu, nikianza kufungua kasha huinuka, wananiambia, "Waitu mama, ngoja nikakuletee chai." Nawashika mkono nawarudisha kwenye stuli.

Nawaambia, kaa hapa utazame ninachofanya. Usiende jikoni.